Muulize Mwalimu: Familia ya getini na ushago waliouza

Mwezi huu barua zenu zimenichekesha. Watu wanne hawajuani, mmoja Umoja, mwingine Kayole, mwingine Rongai na wa mwisho hakuandika mtaa, wote wameniuliza juu ya familia moja bila kujua ni familia moja. Kwa hivyo nyinyi wa maswali ya reli mtangoja kidogo, hii nafasi yote ni yao.

*

Mwalimu sasa. Mimi ni shabiki wa Italia tangu 2006 ile finali ya Berlin, lakini kuna kitu hakijawahi kuniingia. Bendera yao ni kijani, nyeupe na nyekundu, hakuna blu hata tone. Hio jezi ya blu ilitoka wapi? Tumebishana hapa mtaani mpaka mmoja akasema ati ni ya bahari. – Shabiki, Umoja

Huyo wa bahari mwambie anunue soda. Ile blu ni rangi ya familia. Kulikuwa na ukoo wa kifalme unaitwa Savoia, Wafaransa wanaandika Savoie, na hao ndio walikuwa wafalme wa Italia kutoka 1861 mpaka 1946, na blu ndio ilikuwa rangi yao. Timu ya Italia ilianza mwaka wa 1910 ikivaa nyeupe, alafu tarehe 6 Januari 1911 ikacheza na Hungaria pale Milano ikiwa na blu, na kwa kifua ngao ya hao wenyewe, msalaba mweupe juu ya nyekundu. 1946 wananchi wakaondoa mfalme, ngao ikaondoka naye, jezi ikabaki. Ni kama landilodi amepoteza ploti lakini rangi aliyopaka ukuta iko pale pale, na wapangaji wameizoea mpaka wanasema waliichagua wao.

Blu yenyewe inasimuliwa ilianza na Amedeo wa 6, mwaka wa 1366, alipoenda na meli kupigana na Waturuki akapandisha bendera ya blu ya Bikira Maria kando ya ile yake ya msalaba. Ajabu ni kwamba huyo mtu wa blu jina lake la mtaani lilikuwa Kijani, manake nguo zake zilikuwa za kijani kuanzia juu mpaka chini, na kijana wake naye akaitwa Mwekundu. Hapo tayari una bendera nusu.

*

Mwalimu habari ya siku nyingi. Binamu yangu anafanya kazi hotelini Chamonix, pale chini ya Mont Blanc, na ananiambia kuna wazee huko ukiwaita Wafaransa wanakuangalia vibaya, wanasema wao ni watu wa Savoie. Sasa Savoie ni nchi? Ni ya Ufaransa ama ya Italia? Na kama ilikuwa na wenyewe, walienda wapi? – Mama Wawili, Kayole

Dadangu, hapo umegusa penyewe, na jibu ni refu kwa hivyo weka chai.

Chukua ramani utafute mahali Ufaransa, Uswisi na Italia zinagusana. Hapo ndipo. Ni milima ya Alpi, na Mont Blanc katikati, mita 4,800 na kitu, ndio, ni mfupi kuliko Mlima Kenya wetu wenye mita 5,199, nimesema tu. Leo upande wa Ufaransa kuna wilaya mbili, Savoie ambayo mji wake mkuu ni Chambéry, na Haute-Savoie ambayo mji wake ni Annecy, na Chamonix ya binamu yako iko kwa hio ya pili. Lakini zamani yote ilikuwa mali ya mtu mmoja, pamoja na mabonde ya upande ule mwingine yanayoshuka mpaka Torino.

Wa kwanza tunayemjua vizuri ni Humbert, walimwita Humbert wa Mikono Myeupe, alikufa karibu 1047. Cheo chake kilikuwa kile cha mtu anayepewa eneo na kaisari alilinde, na neno kaunti tunalotumia hapa kwetu lilitoka kwa hicho cheo, yaani eneo la mtu kama Humbert ndio kaunti, kwa hivyo ukitaka muite gavana, ila huyu hapigiwi kura na akifa kiti kinarithiwa na kijana wake. Mmoja wa hao vijana, Otto, akaoa Adelaide wa Torino karibu 1046. Huko kwao mwanamke ndiye alikuwa anakuja na mali, na Adelaide alikuja na upande mzima wa pili wa mlima.

Sasa angalia hesabu. Wana bonde la upande wa Ufaransa, wana bonde la upande wa Italia, na katikati kuna njia chache tu za kuvukia, Mont Cenis na Grand Saint-Bernard ndio kubwa. Siku hizo hakuna handaki wala ndege. Mfanyibiashara wa vitambaa, padri anaenda Roma, jeshi la kaisari na farasi zake, wote lazima wapite hapo kabla theluji haijafunga njia, na hapo kuna mtu amekaa anawangoja na mkono ameunyoosha. Familia yenyewe haikuwa tajiri, watu wao hawakuwa wengi, na ardhi yao nusu ni mawe na barafu. Walikuwa na geti tu. Wewe fikiria barabara ya kushuka Mai Mahiu, alafu fikiria hakuna njia ingine ya kuingia bonde la ufa, ni hio moja, na kizuizi kinashikwa na nyumba moja baba kwa mwana karibu miaka mia nane.

Na mtu wa geti anajifunza mapema kuongea na pande zote mbili. Ufaransa ikiwa na nguvu wako na Ufaransa, Austria ikiinuka wanahamia Austria, wanasiasa wetu hawa wa kuhama chama usiku wangeenda huko kusomea. Vittorio Amedeo wa 2 ndiye alikuwa profesa. 1696 aliacha wenzake vitani akaenda na Ufaransa, 1703 akaacha Ufaransa katikati ya vita vingine akaenda na Austria, Wafaransa kwa hasira wakaja kuzingira Torino 1706 wakapigwa wakarudi kwao. Ungedhani mtu kama huyo mwishowe anatengwa na kila mtu. Wapi! Mkataba wa Utrecht ulipoandikwa 1713 akapewa taji, mfalme wa Sicilia. Kweli 1720 walimlazimisha abadilishe Sicilia na Sardinia, ambayo ni kama kupewa ploti Kilimani alafu unaambiwa hapana, chukua hii ya Kitengela, lakini neno mfalme lilibaki, na hilo neno ndilo alikuwa anatafuta.

Nimeruka mambo. 1416 walipandishwa kutoka kaunti wakawa maduki. Huyo Duki wa kwanza, Amedeo wa 8, ana stori yake ya peke yake: mke akafa, akaachia kijana kazi akaenda kuishi kama mtawa kando ya ziwa, alafu 1439 kanisa likiwa limegawanyika kundi moja likamtoa huko likamfanya Papa wa upinzani, mtu mwenye watoto na wajukuu, akaitwa Felix wa 5. Alikaa kwa hicho kiti miaka kumi, 1449 akajiuzulu bila fujo akarudi kwake. Hao pia ndio walikuwa na ile Sanda ya Torino, kitambaa ambacho waumini wengi wanasema kilifunika mwili wa Yesu, waliipata 1453, na 1532 ilinusurika moto kwa kanisa lao la Chambéry, imebaki na alama za kuungua mpaka leo.

Lakini jambo la kushika hapo katikati ni 1563. Kabla ya hapo Wafaransa walikuwa wamekalia Savoie zaidi ya miaka ishirini, kutoka 1536 mpaka 1559, na Duki Emanuele Filiberto aliporudishiwa akaona ukweli: Chambéry iko upande wa nje wa mlima, Mfaransa akikohoa amefika. Akahamisha makao makuu akayapeleka Torino, nyuma ya ukuta wa Alpi. 1578 na Sanda nayo ikavushwa. Mimi hapo ndipo naona familia iligeuza uso. Kuanzia siku hio pesa, majumba, jeshi, kila kitu kikaelekea Italia, na Savoie ikawa ushago, mahali pa kuenda kuzika.

Sasa tufike kwa kuuza.

Mwaka wa 1858 mfalme ni Vittorio Emanuele wa 2 na waziri wake mkuu ni Cavour, mtu mfupi wa miwani mwenye akili ya kuogopesha. Wanataka kufukuza Austria kaskazini mwa Italia lakini peke yao hawawezi. Mwezi wa saba Cavour akaenda kisirisiri mpaka Plombières, mji wa maji moto huko Ufaransa, akaonana na Napoleon wa 3, kaisari wa Ufaransa. Wakaelewana hivi: Ufaransa inaleta jeshi, na ikishinda inapewa Savoie na Nice. Juu yake ikawekwa binti wa mfalme, Clotilde, aolewe na binamu ya Napoleon. Ndoa ilifungwa Januari 1859, msichana ana miaka 15, bwana ana 36. Vitabu vingi vinapita hapo haraka vikimsifu Cavour, mimi sipiti. Mtoto aliwekwa kwa mkataba kama ng'ombe wa nyongeza.

Vita vikaja 1859, Magenta, alafu Solferino tarehe 24 Juni, siku moja ya damu nyingi hivi kwamba mfanyibiashara mmoja wa Geneva aliyekuwa anapita na shughuli zake, Henri Dunant, hakuweza kuondoka, akakaa kuwafunga majeruhi vidonda na akina mama wa kijiji cha jirani, na kutoka hapo ndio tukapata Msalaba Mwekundu. Napoleon naye akaogopa, akafanya amani na Austria kazi ikiwa nusu bila kuuliza mwenzake. Cavour akajiuzulu kwa hasira. Lakini Januari 1860 akarudi, na biashara ikafunguliwa upya: Italia ya kati ijiunge na mfalme, Ufaransa inyamaze, na bei ni ile ile. Mkataba ukatiwa sahihi Torino tarehe 24 Machi 1860.

Alafu ndio wananchi wakaulizwa. Kura ya maoni tarehe 22 na 23 Aprili 1860, askari wa Ufaransa wakiwa washaingia, na sehemu nyingi karatasi za hapana hazikuchapishwa. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka kura ya katiba ya 2005, ndizi ni ndio na chungwa ni hapana. Sasa fikiria umefika kwa kituo unapata ndizi peke yake, ukitaka chungwa uje nalo kutoka nyumbani. Matokeo: ndio 130,533, hapana 235. Kaskazini, watu wa upande wa Geneva, zaidi ya elfu kumi walikuwa wametia sahihi wakitaka kuenda Uswisi kabisa, wakatulizwa kwa kuahidiwa eneo lisilo na ushuru wa forodha, na karatasi zao zikaandikwa ndio na eneo. Garibaldi, shujaa wa kuunganisha Italia, alikuwa mzaliwa wa Nice, akajikuta amepigania nchi ambayo kwao hakumo tena. Hakuwahi kumsamehe Cavour.

Lakini nisikudanganye pia. Hesabu ilipikwa, ila wengi walikuwa wanataka Ufaransa kwa kweli. Walikuwa wanaongea lugha za upande huo, vijana wao walikuwa wanaenda kutafuta kazi Paris na Lyon, na mapadri walikuwa wamechoka na Torino kwa sababu serikali ya huko ilikuwa imefunga nyumba nyingi za watawa 1855. Mtu wa Chambéry alikuwa anajiuliza, analipa kodi za vita vya Italia ili apate nini? Sisi tunasema mkataa kwao ni mtumwa, sasa hapa ni mfalme alikataa kwao ama ni kwao walimkataa? Mimi nasema ni yeye alianza, 1563.

Kwa hivyo mwambie binamu yako hao wazee wasimtishe. Savoie ni Ufaransa, imekuwa Ufaransa tangu 1860, ila wana bendera yao nyekundu yenye msalaba mweupe, inafanana na ya Uswisi lakini msalaba wake unagusa pembeni zote, na wana karibu miaka 800 ya kuwa kitu kingine. Akivuka handaki la Mont Blanc atatokea bonde la Aosta, lile lilibaki Italia, na huko Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiitaliano. Kila upande ulibaki na kitu cha mwenzake.

*

Mwalimu, nilizaliwa Nyeri nikaletwa Nairobi nikiwa mdogo. Marehemu guka alikuwa anatuambia kwa lile kanisa la Waitaliano njia ya Mathari kumezikwa mfalme wa Italia. Watoto wangu wanacheka, wanasema guka alikuwa anapiga stori. Ni kweli ama? – Rongai

Guka alikosea cheo tu, kaburi liko. Huyo ni Amedeo, Duki wa Aosta, wa hio hio familia ya Savoia, na babu yake mzaa baba kweli alikuwa mfalme, lakini wa Uhispania, walimwita wakampa kiti wakati wafalme wao wenyewe wameshindwana, akavumilia miaka miwili na kitu, 1873 akarudisha taji akarudi Italia.

Alifikaje Nyeri? Mussolini aliingia Ethiopia 1935, wakatumia hata gesi ya sumu, na 1936 binamu yao mfalme Vittorio Emanuele wa 3 akajiita Kaisari wa Ethiopia. Aibu ya Adwa, ile ya 1896 ambapo Menelik wa Ethiopia aliwapiga Waitaliano wakati babake huyu Vittorio ndiye alikuwa mfalme, nafikiri haikuwa imemtoka. Mwisho wa 1937 Duki Amedeo akatumwa Addis Ababa kuwa mwakilishi wa mfalme. Wanaomwandika vizuri wanasema alikuwa mpole kuliko Graziani aliyemtangulia, na kumpita Graziani kwa upole sio kazi, huyo aliua maelfu Addis Ababa Februari 1937 kwa siku tatu. Vita kuu vilipofika huku, majeshi ya Uingereza na Waafrika wengi ndani yake, pamoja na askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kutoka kwetu, yakapanda kutoka Kenya, na Mei 1941 Duki akasalimu amri kwa mlima wa Amba Alagi. Akaletwa Kenya mateka. Tarehe 3 Machi 1942 akafa hapa hapa Nairobi hospitalini, kifua kikuu na malaria, miaka 43. Amezikwa Nyeri pamoja na askari wake zaidi ya mia sita.

Na hawa mateka si ati walikaa bure. Ile kanisa ndogo ya kando ya barabara pale kwa kuteremka Mai Mahiu, ile mnasimama kupiga picha mkinunua mahindi, ni wao waliijenga wakiwa wanatengeneza hio barabara. Mimi nikipita hapo huwa nacheka kidogo, nikikumbuka geti.

Ongezea watoto hii: ndugu ya babake huyu Duki, Luigi Amedeo, alipitia Mombasa na Nairobi mwaka wa 1906 kwa treni akielekea Uganda, na ndiye wa kwanza kufika kilele cha Ruwenzori. Kile kirefu, mita 5,109, akakiita Margherita, jina la malkia wao. Ndio, yule yule wa piza, ama ndivyo wauza piza wanavyosema. Na Mapadri wa Consolata waliokuja Kenya 1902, ambao Nyeri nzima inawajua, walitoka Torino, mji wa hio familia. Kwa hivyo mwambie kijana aheshimu stori za guka.

*

Mwalimu, maswali mawili ya haraka. Hoteli ya Savoy ya London ni yao? Na saa hii wana mfalme? – Hakuna jina

Si yao, jina ndilo lao. Eleanor wa Provence, aliyeolewa na mfalme wa Uingereza Henry wa 3 mwaka wa 1236, mamake alikuwa wa Savoie, na wajomba wakamfuata huko kama kawaida ya wajomba. Mmoja, Boniface, akawa askofu mkuu wa Canterbury. Mwingine, Peter, akapewa ploti London kando ya mto akajenga jumba, jumba likachomwa kwenye maasi ya 1381, jina likabaki kwa mahali, na hoteli ikafunguliwa hapo 1889.

Mfalme hawana. Yule Vittorio Emanuele wa 3 ndiye alimkaribisha Mussolini 1922, akatia sahihi sheria za kubagua Wayahudi 1938, na Septemba 1943 akatoroka Roma Wajerumani wakiingia. Mei 1946 akamwachia kijana wake Umberto wa 2 akidhani watu watasahau. Tarehe 2 Juni 1946 kura ikapigwa, na wanawake safari hii wakapiga pia: jamhuri milioni 12.7, mfalme milioni 10.7. Umberto alikuwa amekaa kwa kiti mwezi mmoja na siku kidogo, wakambandika jina Mfalme wa Mei. Akaenda kuishi Ureno, na katiba ikakataza wanaume wa hio nyumba kukanyaga Italia, mpaka 2002 ndio ikalegezwa.

Alikufa Geneva 1983, Sanda akaiachia Papa kwa wosia. Italia hangeweza kuzikwa. Wakampeleka abasia ya Hautecombe, kando ya ziwa la Bourget huko Savoie, mahali wakuu wa kaunti wa kale wamelala. Ni mwendo mfupi kutoka Chambéry, na kumzika huko ilibidi mwili uvushwe uingie Ufaransa.